Mgongo wa Wendell Haverkamp na Jumatatu ya Waliokosa

Ifikapo tarehe 30 Juni, Bwana Wendell Haverkamp, Mkuu wa Udahili wa Chuo cha Osteopathia cha Mettler Grove, atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi, na ataondoka. Neno "ataondoka" naliandika kwa tahadhari. Mwaka jana pia tulimuaga, tukala keki, tukalia kidogo, na Jumatatu iliyofuata tukamkuta mezani anakunywa kahawa yetu. Safari hii barua ya kustaafu ameisaini mbele ya mkewe, Bi Darlene, na Bi Darlene ameondoka na nakala.

Mkuu wa chuo, Dk. Sundquist, ameniomba mimi, Lorna Tiedeman wa meza ya jirani, niandike wasifu "mfupi na wa staha" kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Ufupi nitaujaribu.

Haverkamp ni mtoto wa wafuga nguruwe wa hapa hapa Iowa. Alifundisha baiolojia sekondari kabla ya kuja kwetu, na sauti ya kumfokea mtoto wa dawati la nyuma hakuiacha huko. Akikunong'oneza siri kwenye korido, wanaosafisha theluji nje huacha makoleo wakasikiliza. Tai zake mnazijua. Ile yenye mahindi, Bi Darlene ameitupa mara kadhaa na bado ipo. Mapishi yake ni ya aina moja tu, viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa mpaka vikafanya ukoko, na ole wako useme umeshiba. Anajisifu kwamba anamsoma mtu kwa kumshika mkono tu. Hasomi. Aliwahi kuniambia kijana fulani ana mikono ya mpasuaji, kumbe alikuwa fundi wa bomba la jikoni.

Kila mwombaji aliyekubaliwa, Haverkamp alimpigia simu mwenyewe. Hakupenda barua. Alikuwa akipaza sauti, "Hongera, daktari!" kabla hata hajajitambulisha. Kuna mwaka alimpata babu wa mwombaji, jina moja na mjukuu wake, mzee wa zaidi ya miaka tisini. Yule mzee alishukuru sana akakubali nafasi, na ilituchukua karibu wiki nzima kuirudisha bila kumvunja moyo.

Lakini kazi yake hasa ilifanyika akiwa amelala kifudifudi. Kama mjuavyo, madaktari wetu wanasoma dawa na upasuaji kama wenzao wote, na juu yake wanafundishwa kutibu kwa mikono: kuvuta, kubana, kunyoosha uti wa mgongo. Siku za usaili waombaji hupitishwa kwenye chumba cha mazoezi wakaone. Sasa pale panahitajika mwili. Wanafunzi walikuwa wakikimbiana, huyu ana mtihani, yule ana mafua. Haverkamp akavua koti, akapanda meza ya kutibia, akatumbukiza uso kwenye tundu lake la kupumulia, akasema, "Haya, bonyezeni." Tangu siku hiyo mgongo wake ukawa mali ya chuo. Nusu ya madaktari wa jimbo hili waliujua uti wa mgongo kwa mara ya kwanza kupitia wake.

Tatizo likawa moja: waombaji walianza kumuuliza maswali akiwa pale. Na Haverkamp akibonyezwa, hawezi kupamba maneno.

Ukumbini alikuwa mtu mwingine. Huko alisimama na tai yake akaonyesha slaidi kama alivyoagizwa. Slaidi ilisema asilimia tisini na tisa ya wahitimu wetu hupangiwa hospitali za kusomea ubingwa. Nanyi mnajua uzito wake. Mtu akimaliza miaka minne ya udaktari asipopangiwa hospitali, ana cheti ukutani, ana deni la kumzeesha, na hana ruhusa ya kumtibu hata paka. Kwa hiyo kila mzazi aliyeketi pale akiona tisini na tisa alishusha pumzi. Dk. Sundquist naye alishusha, maana alikuwa na viti vya kujaza.

Ndipo wanashuka chumba cha mazoezi, na Haverkamp anapanda mezani. Mwanafunzi anaweka viganja mgongoni, mwombaji mmoja anauliza, "Hivi, ni kweli tisini na tisa?" na kutoka kwenye tundu inasikika, "Kweli, mwanangu, lakini uliza ni tisini na tisa ya... uwii! taratibu hapo... ya kina nani." Alikuwa anawafundisha maswali, ndiyo dhambi yake. Ukienda chuo chochote, uliza walioanza ni wangapi na waliomaliza ni wangapi. Uliza waliopangiwa walipata walichokitaka au walichokikuta. Uliza wodi utasomea wapi, na nani atakuona ukifanya kazi akuandikie barua nzuri. Asilimia haikuandikii barua.

Hayo yangepita kama vioja vya Haverkamp, lau si binti yake.

Annika Haverkamp alitaka upasuaji wa mifupa. Alianza kutaka hivyo tangu alipovunjika mguu kwa kuanguka kutoka kwenye trekta, na hakuna aliyeweza kumtoa huko. Ni mtoto wa pekee. Chuo cha jijini, chenye hospitali kubwa mlangoni, kilishamkubali. Chetu kilikuwa kimemwita kwenye usaili. Mji mzima wa Mettler Grove ulijua atakuja kwetu. Mwenye duka la mbegu alishampongeza. Bi Darlene alishapaka rangi upya chumba chake. Baba mtu akatangaza ofisini kwamba hatagusa faili lake, hatauliza habari zake, na nyumbani hawazungumzii chuo, kwa sababu haki ni haki. Mimi nilimwona anavyopita karibu na kabati la mafaili. Alikuwa anaangalia dari.

Siku ya usaili Annika akaja na wenzake, suti nyeusi kama wote, kitambulisho shingoni kama wote. Dk. Sundquist siku hiyo aliamua kufuatana na kundi, kwa sababu binti wa mkuu wa udahili akijiunga ni habari njema ya kuweka kwenye jarida. Tukashuka chumba cha mazoezi. Haverkamp akavua koti. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, jitu moja la miraba minne liitwalo Royce, likaweka mikono.

Annika akanyoosha kidole.

"Bwana Haverkamp, hiyo tisini na tisa ni ya kina nani?"

Royce akabonyeza.

"Ya waliofika mwisho," lilijibu tundu.

"Na walioishia njiani?"

"Hawamo. Kila mwaka wapo, nao hawamo."

Dk. Sundquist alikohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua. Annika akaendelea, sauti imetulia, na mimi nikaona vidole vyake vinaminya kile kitambulisho. "Anayetaka mifupa, hapa hupata?"

"Wapo waliopata. Wote nikiwaalika chakula cha jioni, kuku mmoja anatosha na paja linabaki."

Waombaji wakacheka. Haverkamp hakucheka.

"Wodi tunasomea wapi?"

"Hospitali ndogo ndogo za huku mashambani. Utazalisha, utashona vidole vilivyoumwa na mashine, utakuwa daktari hasa kabla ya wenzako wa mjini hawajashika sindano. Lakini mpasuaji wa mifupa wa kukuona ukifanya kazi ni Dk. Pruitt peke yake, na yeye huja Alhamisi, barabara ikiwa nzuri."

"Na wanaokosa? Ile Jumatatu ya majibu, asiyepangiwa nani hukaa naye?"

"Mimi."

"Wendell," alisema Dk. Sundquist kwa upole, "hiyo si kazi yako."

"Najua si kazi yangu. Nimeulizwa nani hukaa nao."

Pale ningekuwa mimi ningeshika mlango nikatoka. Annika akasogea karibu na meza. "Swali la mwisho. Ungekuwa na mtoto anayetaka mifupa, ungemleta hapa?"

Royce akainua mikono juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Haverkamp akajikokota akaketi, tundu limemchora duara jekundu usoni, nywele zimesimama upande mmoja. Akamtazama binti yake, akamtazama mkuu wake wa kazi, akarudi kwa binti yake.

"Hapana," alisema. "Ningelia usiku na mchana abaki nyumbani. Halafu ningempeleka mjini mwenyewe, na gari yangu."

Jarida la mwezi ule halikuwa na habari njema. Dk. Sundquist alimwita ofisini na mlango ukafungwa, lakini milango yetu ni mbao nyepesi na mimi nilikuwa na faili la kupanga pale pale. "Umenifukuzia watu kwa mdomo wako, Wendell!" "Sijafukuza mtu, mheshimiwa. Nimefukuza wasiotufaa. Wale wanaotaka kuwa madaktari wa vijijini wote wamebaki, kawaulize." Aliondolewa ukumbini na mezani muhula mzima, pakawekwa video. Video ilikuwa nzuri sana, ina muziki. Waombaji waliitazama kwa adabu, ikiisha tu wanatoka kumtafuta yule mzee wa kwenye meza, kwa sababu walisikia habari zake huko huko walikotoka. Muhula uliofuata akarudishwa bila maelezo. Slaidi nayo ikaanza kuonyesha na walioanza. Chuo hakikufa.

Annika akaenda mjini. Baba alimpeleka kwa gari, akalia kwenda na kurudi, na Bi Darlene anasema pia alipotea njia.

Miaka minne ikapita, ikafika ile Jumatatu ya Machi.

Wapya hawajui ilivyo, acha niwaambie. Asubuhi hiyo kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho nchi nzima anapata ujumbe: umepangiwa, au hukupangiwa. Wapi, utajua Ijumaa. Waliopata hupiga kelele hadi kwenye maegesho. Waliokosa wana saa chache tu za kuomba upya nafasi zilizobaki, kokote, na hairuhusiwi kumpigia mtu simu kujipendekeza. Unaomba, unakaa, unangoja simu ilie. Ni siku mbaya. Haverkamp siku hiyo hufunga ofisi ya udahili, huziba kioo cha mlango kwa karatasi ili anayelia asionekane, hutoa lile bakuli la viazi. Hasemi pole. Husema, "Kaa. Kula kwanza." Halafu anajifanya daktari mkuu mwenye hasira ili wazoee kusailiwa kwa simu, na hapo ile sauti yake inafaa kitu.

Mwaka ule wetu waliokosa walikuwa watatu: Dustin Oyler aliyetaka upasuaji, Shreya Kolluri, na Tuan Dinh. Theluji ilikuwa inaanguka. Haverkamp alikuwa ameshaanza na Dustin, wanaandika upya maelezo yake, simu yangu ikalia. Bi Darlene. Hakuweza kusema vizuri, lakini nilielewa. Annika hakupangiwa.

Nilimnong'oneza Haverkamp sikioni. Alitoka nje bila koti, akasimama kwenye theluji, mgongo umeinama. Nikamfuata. Nikamwambia chuo cha Annika kimemfanyia nini, kama nilivyosikia kwa Bi Darlene. Kimemtumia ujumbe wenye kiungo cha kubofya, na chini yake imeandikwa kwamba wanamwamini.

"Nenda kwa mwanao, Wendell," nilimwambia. "Hawa nitakaa nao mimi."

"Utawaandikia wewe? Wewe barua zako zinatisha watu."

"Nenda!"

"Lorna, hawa nao ni watoto wa mtu."

Akarudi ndani. Nilimkasirikia, na nililia pia, na sikujua kipi kimetangulia. Mtu huyu ndiye aliyemwambia binti yake aende kule. Alimshauri sawasawa, mbele ya watu, kwa gharama yake mwenyewe, na sasa mtoto yuko peke yake kwenye chumba cha kupanga na kiungo cha kubofya.

Hakukaa huko. Jua halijapinduka, mlango ukafunguliwa, Annika akaingia na kofia ya sufu na kompyuta kifuani. Alikuwa ameendesha gari kwenye barabara ambazo hata malori yalizikwepa. Hakumkimbilia baba yake. Alitazama wale watatu wameketi, akauliza, "Nani wa mwisho hapa?"

"Mimi," alisema Tuan.

"Basi nakufuata."

Akaketi. Nikampa sahani, akala. Haverkamp alimwona, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaendelea na Shreya. Kisha Tuan. Hakumharakisha mtu. Ilipofika zamu ya Annika, akafungua mdomo amwambie kaa, kula kwanza, na sauti haikutoka. Sauti ile! Alijaribu tena. Akajifunika uso kwa tai.

Shreya ndiye aliyeinuka. "Bwana Haverkamp, tupishe kidogo," alisema, akaivuta kompyuta ya Annika upande wake. Wale watatu walikuwa wameshamaliza maombi yao. Wangeweza kwenda nyumbani kuvuta blanketi. Wakamzunguka. Tuan akasoma maelezo yake akasema, "Dada, humu mmejaa mifupa mpaka inagongana. Mgonjwa yuko wapi?" Wakafuta, wakaandika upya. Dustin, aliyekuwa anawania nafasi zile zile za upasuaji, alimgeuzia kompyuta yake akamwonyesha hospitali zote alizoziomba. "Usikose hii ya tatu, wanapenda watu wa mashambani." Nilimuuliza kwa nini anamtajia mpinzani wake. Akasema, "Bi Lorna, mpinzani anakula viazi na mimi?" Walituma kabla ya mlango wa maombi kufungwa, na baada ya hapo wote wanne wakakaa wakitazama simu, na Haverkamp akiwazungukia na bakuli.

Alhamisi, simu zilipoanza kulia, Shreya alipata, na Dustin akapata. Annika alipata nafasi ya upasuaji ya mwaka mmoja tu, ile ya kuegesha mguu mlangoni. Tuan alikosa tena. Alihamia chumba cha chini nyumbani kwa akina Haverkamp, akaishi humo mwaka mzima akifanya kazi maabara yetu, na Machi iliyofuata akapata nafasi, akiwa ameongezeka uzito kwa sababu ya yale mapishi. Annika baada ya mwaka wake alichukuliwa moja kwa moja kwenye upasuaji wa kawaida. Mifupa ilimkataa. Sasa ni mpasuaji kamili huko kaskazini, anatoa vibofu vya nyongo, na wanasema anavitoa vizuri sana. Nilimuuliza kama anajuta kwenda mjini. Akasema, "Ushauri wa baba ulikuwa sahihi. Bahati ndiyo haikuusikiliza."

Haverkamp hadi leo anawasimulia waombaji kisa hiki akiwa mezani, kwa sauti ya kusikika barabarani, na hajibakizi. Wakimuuliza, sasa ilisaidia nini kuuliza maswali yote yale, anasema aliyeuliza nani hukaa na waliokosa alijua pa kukimbilia. Halafu anamwambia mwanafunzi abonyeze chini kidogo.

Tuna mengi ya kumshukuru: slaidi ya kweli, simu zile za hongera, na mgongo ambao daktari wake anasema hajawahi kuona wa namna hiyo. Dk. Sundquist, ambaye aliwahi kusema kukaa na waliokosa si kazi yake, mwezi uliopita aliiandika kazi hiyo kwenye tangazo la nafasi ya Haverkamp, na akaja kunionyesha mwenyewe kabla halijatoka.

Jambo moja lilibaki. Haverkamp aliomba arudishe funguo zote isipokuwa ule wa ofisi ya udahili, abaki nao kwa ajili ya Jumatatu moja tu kwa mwaka. Tulimkatalia. Akabisha, akapandisha sauti, akauliza nani atakaa na waliokosa. Jana akaja Annika, na nyuma yake Shreya, Dustin na Tuan, madaktari wanne wenye wagonjwa wa kutosha huko waliko. Wote wameshaomba likizo ya siku hiyo ya Machi. Annika akanyoosha kiganja mbele ya baba yake bila kusema kitu, na Haverkamp akauweka ufunguo pale.

Wendell, asante. Tunakuombea afya, mvua nzuri na uvumilivu wa Bi Darlene. Machi ikifika, wewe lala. Tutakaa nao sisi.